Siku Nyama Ilipomkaba Dereva

Tulikuwa watu wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, na kilichotukutanisha kila Jumamosi kilikuwa kula. Aliyeanzisha ni Dereva. Alikuwa akiendesha lori la kusambaza soda, na kazi hiyo ilimpitisha kila pembe ya jiji, toka Mbagala mpaka Madale, akishusha makreti kwenye magenge na migahawa. Kila wiki alirudi na habari za chungu fulani. Kuna mama Tandika anapika maharage ya nazi, ukila hutaki tena ya nyumbani. Kuna jamaa nyuma ya stendi ya Mbezi Luis anachoma kuku wa kienyeji, foleni mpaka barabarani. Mwalimu, mwanamke mwenzangu na rafiki yangu tangu tulipokuwa tunapanga nyumba moja, alifundisha shule ya msingi na alikuwa na mdomo usioogopa mtu. Mpiga Picha aliuza makava ya simu Kinondoni, na simu yake ilikuwa nzuri kuliko za sisi wengine wote. Mie nilikuwa karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na katika kundi kazi yangu ilikuwa kuandika yale maneno machache ya chini ya video: pako wapi, wanauza nini, utamu alama ngapi, usafi alama ngapi.

Watu walitufuata mtandaoni kwa sababu ya Dereva, na hilo hatukujidanganya. Alikuwa na mwili mkubwa, kitambi, na uso ambao haukujua kuficha kitu. Akitia tonge mdomoni alifumba macho, akaweka mkono kifuani, akaegemea nyuma kama mtu aliyepigwa risasi. Alikaa hivyo kimya, wakati mwingine akateleza mpaka chini ya kiti, halafu ghafla akafumbua macho na kutoa hukumu. Watu walikipenda kile kimya. Walikuwa wakiandika, "Leo amekufa au bado?" Sie tulikuwa tukicheka tukisoma.

Jumamosi ninayoikumbuka tulikwenda Ukonga kula supu ya mbuzi. Dereva alikuwa akimshushia soda mama mmoja mwenye banda la mabati lililopakwa rangi ya kijani, na kwa wiki kadhaa hakuwa na wimbo mwingine ila supu ya yule mama. Nilimpigia mama simu kumwomba ruhusa, maana tulikuwa na desturi ya kutomvamia mtu na kamera.

Tulifika asubuhi, jua halijakaza. Banda lilikuwa limejaa: askari magereza waliotoka zamu, mafundi ujenzi, vijana wa bodaboda, mabinti wawili wa saluni ya jirani. Mama mwenyewe alisimama nyuma ya sufuria kubwa, mwanamke wa makamo, mabega mapana, lafudhi yake ya Singida haijamtoka hata kidogo.

"Shikamoo mama," tukamwamkia.

"Marahaba wanangu. Nyie ndio wale wa kwenye simu?"

"Ndio sisi."

"Karibuni. Msije mkanitia aibu tu."

Dereva aliomba shingo na mbavu. Bakuli likaja linafuka, ndimu pembeni, pilipili, chapati mbili. Mpiga Picha akasimama mbele yake na simu. Dereva alichagua pande kubwa lenye mishipa, akalitia mdomoni, na kabla hajalitafuna vizuri akaanza kuongea. "Wapenzi watazamaji, hapa Ukonga..." Fundi mmoja kwenye meza ya nyuma akapaza sauti, "Mwacheni mzee ale kwanza, atatafuna na kamera!" Watu wakaangua kicheko. Dereva naye akacheka, kinywa kimejaa.

Halafu akanyamaza. Akaweka mkono kifuani. Akaegemea nyuma.

"Eeh, ameshaanza!" Mpiga Picha akasema, akamsogelea na simu. "Leo mapema, mwanangu! Ongeza, ongeza!"

Meza za jirani zikacheka. Mie nilikuwa nakamua ndimu. Nilipoinua uso, kitu nilichokiona hakikunikaa sawa, lakini sikujua ni nini. Mwalimu ndiye aliyejua. Macho ya Dereva hayakuwa yamefumbwa. Siku zote Dereva hufumba macho, na siku hiyo yalikuwa wazi, makubwa, yanatafuta mtu.

"Hapumui," Mwalimu akasema. Kisha akapiga kelele, "Jamani, hapumui huyu!"

Dereva akasimama na meza ikapinduka, supu ikamwagika mapajani mwake. Alikuwa akijishika shingo kwa mikono miwili. Hakukuwa na sauti yoyote, hata ya kukohoa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mtu mkubwa namna ile anatapatapa mbele yako halafu husikii kitu. Mwalimu akampiga mgongoni kwa kiganja, mara nyingi, kwa nguvu zake zote. Hakikutoka kitu. Akajaribu kumkumbatia kwa nyuma, mikono yake haikukutana. Midomo ya Dereva ilikuwa inabadilika rangi.

Mama akaja. Sikumwona akitoka kwenye sufuria, nilimwona tu ameshafika, amemsukuma Mwalimu pembeni, amemkumbatia Dereva kwa nyuma, ngumi zake chini ya kifua chake, na anamvuta kuelekea kwake kama mtu anayevuta ndoo ya maji kisimani. Akavuta. Akavuta tena, akiguna. Miguu ya Dereva ikaanza kulegea, na uzito wote ukamlalia yeye, wakayumba wote wawili mpaka wakagonga bati la ukuta. Hakumwachia. Akavuta mara nyingine na lile pande likaruka likadondoka sakafuni.

Pumzi aliyoivuta Dereva ilikuwa kama mlango wenye kutu unaofunguliwa. Akatapika. Akateleza mpaka chini, akalala ubavu, povu na mate mdomoni, anahema. Mama alisimama juu yake, jasho linamtiririka. Mwalimu alikuwa analia. Mpiga Picha bado alikuwa ameshika simu usawa wa kifua, na sidhani kama alijua ameishika.

"Mama, umejifunza wapi?" nilimuuliza baadaye, tulipokuwa tunampakia Dereva kwenye bajaji.

"Sijajifunza popote," akasema. "Nilimwona anakufa, nikamkamata."

Zahanati walimpima, wakasema mbavu zitamuuma ila kifua kizima, aende nyumbani apumzike. Tulidhani yameisha.

Kesho yake Mwalimu akanitumia video. Hakuna kati yetu aliyeipiga. Mtu fulani pale bandani alikuwa ametoa simu mwishoni, na akapata kipande kifupi tu: Dereva amelala chini na povu mdomoni, bakuli limepinduka, na mama amesimama juu yake. Chini yake aliandika kwamba supu ya Ukonga imeua mlaji wa kwenye mitandao. Kufika jioni wengine walishaongeza ya kwao. Nyama ya mbwa. Sumu. Dawa ya kuvuta wateja iliyozidi kipimo. Kwenye ukurasa wetu watu waliandika pole za msiba.

Tuliandika haraka kwamba Dereva ni mzima, kwamba alikabwa na nyama tu, na kwamba mama ndiye aliyemwokoa. Wakatujibu kwamba tumenunuliwa. Wakauliza, kama mzima mbona haonekani?

Katikati ya wiki mama alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayejificha asisikike.

"Binti, toka Jumatatu namwaga supu. Leo wamerusha mawe juu ya bati. Mtu ameandika neno sumu kwa mkaa pale mlangoni, nimesugua halitoki. Mwenye kiwanja kaniambia nitafute pengine kabla watu hawajamchomea banda."

"Mama, sisi tunajua ulichofanya."

"Nyie mnajua," akasema. "Nani mwingine?"

Tulikutana nyumbani kwa Mwalimu, Temeke, barazani kwake. Dereva alifika wa mwisho. Kwa siku zile chache shati lilikuwa limeanza kumpwaya. Mwalimu alileta chai na maandazi ya iliki, ambayo kwa kawaida Dereva angeyamaliza kabla sahani haijatua. Alisema amekula nyumbani. Akanywa chai kidogo kidogo, kila funda akilisikilizia linavyoshuka.

"Si tunayo video nzima?" Mwalimu akasema. "Toka anakaa mpaka mama anamkamata. Iwekwe yote, watu waone, yaishe."

Mpiga Picha alikuwa anakwangua rangi ya kiti kwa ukucha.

"Haipo," akasema.

"Haipo vipi?"

"Nimeifuta."

"Kwa bahati mbaya?"

Akatikisa kichwa.

"Nilikuwa nacheka," akasema. "Kwenye ile video ni sauti yangu. Jamaa anakufa, mie nacheka, namsogelea namwambia ongeza, ongeza. Nilienda kuisikiliza siku ileile. Sikuweza. Nikaifuta kila mahali, hata kule inakojihifadhi yenyewe."

Mwalimu akaanza kusema kitu, Dereva akamzuia kwa mkono. Alisimama. Nilidhani atampiga, na nadhani Mpiga Picha naye alidhani hivyo, maana aliinua uso wake akautuliza kama anayeusubiri.

"Nilikuwa nakuangalia wewe," Dereva akasema. "Pale sikuwa namwona mtu mwingine. Nilikuwa nakuangalia machoni, nikawa najua kabisa, huyu ataniona."

Akavaa viatu vyake, akaondoka bila kuaga. Maandazi yalibaki pale, hakuna aliyeyagusa.

Siku mbili baadaye mama alinipigia tena. Aliniomba nimpeleke nyumbani kwa Dereva. Tulikwenda watatu: mimi, yeye, na mjumbe wa mtaa wake, mzee mpole aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua. Dereva aliishi Yombo, vyumba viwili na sebule. Mkewe ndiye aliyetufungulia. Alikuwa mwanamke mwembamba, mshonaji wa nguo, ambaye siku zote alinipokea kwa kicheko. Siku hiyo alinitazama, akamtazama mama, akabaki ameshika mlango.

"Shikamoo," akamwambia mjumbe. Kwa mama hakutoa salamu.

Tuliketi. Dereva akatoka chumbani, akamshika mama mkono kwa mikono miwili. Mjumbe akaeleza. Alisema hajawahi kumwona mama huyu akimdhulumu mtu. Alisema watu wa mtaani wamekubali jambo moja: kama yule mtu wa kwenye video ni mzima, aje Jumamosi, akae palepale, ale supu ileile mbele ya macho yao. Akila, maneno yamekwisha.

"Haendi," mkewe akasema.

"Mama watoto," Dereva akaanza.

"Haendi. Mlimpeleka mzima mkanirudishia nini? Nyie mnataka picha zenu. Na wewe mama, utanisamehe, ni mkubwa kwangu, ila mimi sijui uliweka nini mle."

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani. Hakukasirika. "Mwanangu," akasema, "sikuja kudai shukrani. Ningemwacha pale ungekuwa unavaa nguo nyeusi, lakini sisemi hivyo ili unishukuru. Nina mama yangu mgonjwa, nina watoto wawili wa marehemu dada yangu, na sufuria ile ndiyo inayotulisha. Naomba tu aje ale."

Dereva alikuwa akitazama mikono yake.

"Nitakuja," akasema.

Mkewe akanyanyuka, akaingia jikoni. Tulipokuwa tunatoka alinifuata mpaka kwenye kona ya ukuta, akanivuta kiwiko.

"Wewe ni mtu mzima mwenzangu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mwambie asiende. Hujui kinachoendelea humu ndani."

"Nini kinachoendelea?"

Akageuka kutazama mlango. "Mwambie tu asiende."

Sikumwambia. Niliwaza wivu, niliwaza woga wa mke, niliwaza mama na neno lile la mkaa mlangoni, nikaona la mama ni zito zaidi.

Jumamosi tulipofika Ukonga, watu walishajaa. Wengi walisimama nje, mikono wameifunga, simu zimechomoza mifukoni. Ndani meza moja tu ilikuwa imepangwa, katikati, na bakuli tupu juu yake. Mlangoni neno la mkaa lilikuwa bado linasomeka chini ya rangi mpya. Mwenye kiwanja alikuwepo, amesimama na mjumbe. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kupiga video, maana Mpiga Picha alisema hashiki simu. Hatukujua hata kama angekuja. Alikuja, akasimama mbali kidogo na meza. Dereva hakumsalimia, ila alisogeza kiti cha jirani kwa mguu, na Mpiga Picha akakaa.

Mkewe alikuja pia. Alikaa nyuma kabisa, karibu na ndoo ya kunawia, ushungi umemfunika mpaka kwenye nyusi.

Mama akapakua mbele ya wote. Kwanza alijipakulia kikombe mwenyewe akanywa, kisha akajaza bakuli la Dereva. Mikono yake ilikuwa imara kuliko yangu. Dereva akachota mchuzi kwa kijiko, akanywa. Akachota tena. Nikasikia watu wakilegea kidogo, mmoja akasema, "Si anakunywa huyo."

"Mchuzi hata mtoto anakunywa," akajibu kijana mmoja aliyeshika helmeti kwapani. "Ale nyama!"

"Nyama! Ale nyama!" wengine wakadakia.

Dereva akachukua kipande. Hakikuwa kikubwa, mama alikuwa amekichagua kwa makusudi, mnofu mlaini. Akakitia mdomoni akaanza kutafuna. Kupitia kioo cha simu niliuona uso wake ule usiojua kuficha kitu. Alitafuna. Watu wakatulia. Aliendelea kutafuna. Jasho likamtoka kwenye paji, likapita kwenye nyusi. Mkono wake wa kushoto ukawa unapapasa ukingo wa meza, ukaushika. Alitafuna mpaka kila mtu pale akajua hakuna nyama duniani inayohitaji kutafunwa hivyo. Koo lake lilipanda, likashuka, likapanda, kama mtu anayekwea ngazi halafu anarudi. Mpiga Picha alikuwa amemwinamia, anamnong'oneza kitu ambacho sikukisikia.

Dereva akachukua kitambaa, akakiweka mdomoni, akaitema ile nyama.

Minong'ono ikapita kama upepo. "Mmeona?" kijana wa helmeti akapaza sauti. "Mwenyewe anaitema! Kaonja kajua!" Mtu akapiga bati kwa kiganja, kishindo kikatushtua wote. Wa nje wakaanza kusukumana waingie. Mwenye kiwanja akamwambia mjumbe kitu sikioni. Mama alikuwa ameshika upawa, amefumba macho. Mwalimu akasimama juu ya benchi akaanza kuwapigia kelele watu kama watoto anaowafundisha, na hakuna aliyemsikiliza.

Mke wa Dereva akainuka kule nyuma.

"Nipisheni," akasema.

Alipita katikati ya watu. Alipofika mezani alimwinamia mumewe kwanza. "Baba watoto, nisamehe," akamwambia, na Dereva akatikisa kichwa kwa nguvu, kumkataza. Nilidhani anamkataza kula. Mkewe akavuta bakuli, akaketi, akachukua nyama kwa vidole, akala. Hakula kwa madaha. Alikula kama mtu mwenye njaa, akatafuna, akameza, akachukua nyingine, akala na mafuta yake, akabugia mchuzi uliobaki kwa bakuli lenyewe mpaka likawa tupu. Akaligeuza juu chini mezani.

"Supu haina kitu," akasema. "Mimi ndiye mke wake. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema mama huyu kamfanyia kitu mume wangu. Nimesema kwetu Yombo, nimesema kwa ndugu zake. Sasa nasema hapa. Mume wangu anaogopa kumeza. Tangu siku ile hajameza kitu kigumu. Nampondea ndizi. Nampikia uji. Anakula amejifungia chumbani ili watoto wasimwone. Usingizini anashtuka anajishika shingo. Basi. Hiyo ndiyo sumu yenu."

Nje mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi, na mwanamke mmoja akamkemea, "Wewe nyamaza, huna adabu." Kijana wa helmeti akatazama chini.

Dereva alikuwa anatazama kitambaa cha meza. Ile siri alikuwa ameificha kwetu wote, kwa wenzake wa kazini, kwa mama yake mzazi, na sasa ilikuwa kwenye simu za Ukonga nzima, na kwenye yangu. Akanyanyuka polepole. Watu wakampisha njia. Akapita katikati yao bila kumtazama mtu, akatoka juani, akaenda. Mpiga Picha akatoka mbio nyuma yake. Mkewe alibaki ameketi, vidole vina mafuta, na mama akaja akamwosha mikono kwa maji ya vuguvugu.

Nilirudi nyumbani na video ile, na sikujua niifanye nini. Mwalimu alisema tukate kipande cha mke. Nikamwambia tukikata hapo tutabaki na Dereva anatema nyama, tutakuwa tumemzika mama kabisa. Akasema basi tuiache. Nikamwambia, na mama? Tulibishana mpaka tukakasirikiana. Mwishowe nikampigia Dereva. Simu ilipokewa na mkewe, akaniambia subiri, nikasikia mlango ukifunguliwa.

"Inamsaidia yule mama?" Dereva akauliza, bila hata salamu.

"Inamsaidia."

"Iweke. Ila mie usiniletee niione."

Tuliiweka yote. Waliocheka walicheka, na walikuwa wengi. Pale kwenye bohari ya soda, nilisikia, vijana walimbatiza jina la uji. Lakini watu wengine waliandika mambo ambayo hatukuyategemea: bibi mmoja ambaye hajala samaki tangu mwiba ulipomkaba, baba ambaye kila mtoto wake akila yeye hutoka nje asimwone. Kwa mama watu walirudi kwa kujivuta. Kwanza askari magereza, halafu mafundi, halafu bodaboda, kijana wa helmeti akiwa miongoni mwao, akiomba shingo kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Wapo ambao hawakurudi kamwe. Mwenye kiwanja hakumsemesha tena habari za kuhama. Mama alinitumia salamu kila mara, na kila mara aliuliza, "Yule mwanangu anakula?"

Nilimwambia sijui, kwa sababu Dereva hakuwa anapokea simu zetu. Mwezi mzima na zaidi yeye na mkewe walikuwa wakiishi nyumba moja bila kuongea zaidi ya shida za watoto. Hilo aliniambia mkewe mwenyewe, nilipompelekea kitambaa cha kushona gauni. Alikuwa anakata kitambaa huku anaongea, mkasi haukusimama.

"Anajua nilimwokoa mama wa watu," akasema. "Anajua pia nilimvua nguo hadharani. Yote mawili ni kweli, sasa nimwambie nini?"

Nikamuuliza kama kuna anayekuja kumwona.

"Yule wenu wa simu," akasema. "Anakuja kila jioni akifunga duka. Siku ya kwanza mume wangu alimfungia mlango. Siku ya pili vilevile. Alikaa hapo nje kwenye ndoo mpaka nikamwonea huruma. Sasa wanakula pamoja. Nikimpa mume wangu uji, naye anataka uji. Nikipika viazi vya kupondwa, naye hivyohivyo. Juzi wamekula mkate umelowekwa kwenye chai. Wakikaa hapo hawaongei kabisa, unaweza kudhani wamegombana."

Ilichukua muda mrefu kabla hatujakaa tena meza moja. Ilikuwa Madale, kule kwenye vilima, sehemu ya wazi yenye viti vya mbao, mchana wa Jumapili. Hakuna aliyetoa simu. Dereva alikuja na mkewe, na Mpiga Picha akawa kati yetu sote, anaongea kuliko kawaida yake, habari za makava, za mvua, za timu aliyoishabikia kushuka daraja. Dereva alikuwa mwembamba. Alimwita mhudumu akaagiza maini rosti na ugali, na aliposema maini sauti yake ilipanda kidogo, kama mwanafunzi anayesoma mbele ya darasa.

Sahani ikaja. Akamega ugali, akafinyanga, akachovya, akachukua na kipande cha ini. Mpiga Picha akanyamaza katikati ya sentensi. Mkewe alikuwa ameshika glasi ya maji, haiinui wala haiweki. Mwalimu alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mie nilikaza macho kwenye kachumbari yangu, nikaona hata hivyo namtazama koo.

Dereva akaacha kutafuna.

"Mnaniangalia nini?" akasema, kinywa kimejaa. "Kuleni."

Tukainamisha vichwa vyote kwa pamoja, tukaanza kula.